Birika la Shaba la Mama Parvini

Wiki iliyopita binti yangu alinunua jagi la urembo. Jina hilo ni lake, mimi simo. Ni chombo cha shaba chenye tumbo la mviringo, shingo ndefu, mkono uliopinda na mdomo mwembamba wa kumiminia, na nia yake ni kukiweka juu ya kabati la televisheni huko kwake, kisiguse maji mpaka kiama. Alinipitishia nikione. Nikamwambia hilo si jagi, hilo ni birika. Akanicheka sana. "Mum, birika ni ya chai," akasema, akinyoosha kidole kwenye ile yangu ya umeme pale jikoni, kama mwalimu wa chekechea anayefundisha rangi.

Nilimwacha aongee, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa kiburi kumshinda. Chombo chake kilikuwa kimefifia, akaniachia nikisugue. Nikachukua nusu ya limau, nikaichovya kwenye majivu ya jiko la makaa, nikaanza kazi. Harufu ile ilipopanda ilibidi niketi. Sijui ninyi wa rika langu mkoje, lakini mimi siku hizi natafuta funguo huku nimezishika mkononi, halafu harufu ya limau na majivu inanirudisha mtaa wa Bondeni, Nakuru, mzima mzima, na viatu vyangu vya shule miguuni.

Tulikaa katika zile nyumba za kaunsili. Waliokulia Nakuru wanazijua: vyumba viwili, madirisha madogo, mfereji mmoja wa kugombania na ploti nzima. Kiangazi kikikolea, upepo ulizoa vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani ukalimwaga kwenye nguo tulizoanika, na mama yangu alizianua akiguna, kana kwamba ziwa limemtafuta yeye. Hakuwa mtu wa kuogopa ziwa. Alizaliwa Kihoto, kule Naivasha, ambako mvua ikizidi maji huingia ndani bila kubisha hodi. Baba alitoka Keringet, kwenye baridi na viazi. Mama Mkikuyu, baba Mkipsigis. Walipooana watu wa pande zote mbili walikunja uso, na wengine walikuwa hawajaukunjua hata mimi nilipozaliwa.

Kwa mawazo ya mama, Gogo alikuwa mmoja wa hao. Gogo ndiye nyanya yangu, mzazi wa baba. Hakuwahi kumtusi mama. Hakuwahi kumsifu pia, na mama alikuwa mtu wa kuhesabu vitu vya namna hiyo. Tulimtembelea Keringet kila Krismasi, tukala, tukarudi, na njiani mama alikaa kimya mpaka tupite Molo, ndipo akaanza kumuuliza baba, "Uliona vile aliniangalia?" Baba alikuwa hajaona kitu. Baba hakuwahi kuona kitu.

Babu alipofariki, Gogo alibaki peke yake kwenye nyumba ile ya mbao. Ndugu pekee wa baba alifanya kazi mbali, magoti ya Gogo yalikuwa yamekataa kupanda kilima, na baba akaamua aje kukaa nasi. Alifika na blanketi, mfuko wa nailoni na harufu ya moshi ambayo hata sabuni ya kipande haikuweza kuitoa. Alipewa kitanda changu, nami nikabaki humo humo, upande wa ukuta. Alikuwa na tabia ya kunishika kisigino kwa kiganja chake kikavu nilipokuwa nikisinzia, akinisimulia mambo kwa Kikipsigis ambacho nusu nilikielewa na nusu nilikibuni. Nilimpenda mara moja. Sikuwa nimewahi kuwa na mtu wangu mwenyewe.

Siku ile ya kwanza alininyanyua mdomo kwa kidole gumba, akatazama meno yangu ya kahawia, meno ya kila mtoto wa Nakuru, akamgeukia mama. "Hii meno imefanya nini?"

"Ni maji ya huku, mama," mama akajibu.

Gogo akaachilia mdomo wangu taratibu. Jambo hilo nililitia moyoni, na ndilo lililonipoteza.

Sasa niwaambie jinsi mama alivyojiandaa kwa ujio huo. Aliosha kuta. Alishona vitambaa vipya vya makochi. Na kubwa kuliko yote, alimnunulia Gogo ndoo ya plastiki yenye kifereji chake, akaikalisha kwenye stuli kando ya mlango, sabuni kwenye kisahani, taulo mpya juu ya msumari. Ploti nzima hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Majirani walikuja kukitazama. "Hii ni yako, mama," akamwambia Gogo, uso wote ukicheka. "Hutangoja mtu hapa. Ukitaka kunawa unafungua tu." Gogo aliitazama ile ndoo, akamtazama mama, akasema, "Sawa."

Jioni hiyo mama alipika ugali na mboga ya managu iliyotiwa maziwa, chakula alichojifunza kwa ajili ya baba. Alipoanza kupakua, Gogo aliinuka akishika ukuta, akaenda kwenye ndoo, akasimama mbele yake kitambo, kisha akarudi kuketi, mikono mikavu. "Nimeshiba," akasema. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Chai alikunywa. Maziwa alikunywa. Chochote cha kushikwa kwa mkono alikisogeza upande wangu. Mama akajaribu mukimo, viazi vya kuponda vya kwao, akajaribu nyama, akamtuma baba alete unga wa wimbi. Gogo alishukuru, akasema ameshiba.

Alianza kukonda. Mgongo wake, niliouegemea kila siku, ukawa mifupa mitupu. Walimpeleka hospitali, daktari hakupata ugonjwa, akampa dawa ya hamu ya chakula, yenye rangi nzuri sana. Alikunywa dawa, chakula akakiacha. Mama alikuwa akilia jikoni huku akisugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari. "Hataki chakula cha mkono wangu," alimwambia baba. "Angekuwa ameolewa msichana wa kwao, angekula."

"Ni msiba tu," baba akasema. "Utapita."

Lakini haukupita, na siku moja nikiwa nafanya homuwaki mezani nikamsikia baba akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Jumamosi nitaazima pikapu nimrudishe Keringet. Hawezi kukaa hapa afe njaa mbele ya mtoto."

Nilikandamiza penseli mpaka nikavunja ncha. Niliijua ile nyumba ya mbao, baridi inayopenya sakafuni, na kwamba huko hakuna wa kumpikia wala wa kumwashia moto. Kwa akili yangu ya mtoto, baba alikuwa amesema Gogo anakwenda kufa, na tayari alikuwa amechagua siku.

Na mimi nilijua ugonjwa wake. Watu wazima wote walikuwa wamekosa kuona kitu kilicho wazi: Gogo aliogopa maji. Aliyaona meno yangu, akaambiwa ni maji ya huku, basi ilikuwa lazima aogope kuyatia hata vidoleni. Ndiyo maana alisimama mbele ya ndoo akarudi mkavu. Kwamba chai ilipikwa kwa maji hayo hayo, hilo halikunisumbua hata kidogo. Dawa ilikuwa maji mengine, na maji mengine yalikuwa kwa Mama Parvini.

Mama Parvini alikuwa mjane Mpunjabi, Mwislamu, aliyekaa ng'ambo ya barabara kwenye nyumba yenye veranda na tangi la kukinga maji ya mvua. Binti yake Parvini alikuwa ameolewa Kisumu. Yeye mwenyewe aliuza achari ya embe kali kiasi cha kumtoa mtu machozi, nami nilitumwa huko mara kwa mara. Ijumaa, tulipofunga shule mapema, nilikwenda na kijerikeni changu. Nilimkuta ameketi verandani na kipande cha limau mkononi na bakuli la majivu miguuni, anasugua chombo cha shaba ambacho nilizoea kukiona ndani ya kabati lake la vioo. Kilikuwa na maua madogo madogo yaliyochorwa shingo nzima.

"Naomba maji ya mvua," nikasema. "Ya Gogo. Anataka kunawa."

"Kwenu hakuna maji?"

"Yako. Lakini anaogopa." Nikamweleza yote, meno, ndoo, ugali, dawa ya rangi nzuri na pikapu ya Jumamosi. Alinisikiliza akisugua. Nilipofika kwenye ndoo, mkono ukasimama.

"Akienda kwa hiyo ndoo, nani anamfungulia maji?"

"Hakuna mtu. Anafungua mwenyewe."

"Na mama yako?"

"Anapakua."

Akatoa sauti kama ya kucheka, ila usoni hakucheka. Aliinuka, akasuuza kile chombo, akakijaza maji ya tangi bila kubishana nami, akatoa na beseni lake la shaba, akajitupia mtandio kichwani. "Twende. Wewe beba beseni. Mimi nabeba birika."

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. "Hiyo si birika," nikamwambia. "Birika ni ya chai." Birika nililijua mimi. Lilikuwa jeusi kwa masizi na lilikaa juu ya jiko letu kutwa. Tena mama alikuwa anaapa kwamba neno lenyewe ni la Kikuyu, kwa sababu mama yake mzazi alisema mbirika, naye hakuwahi kwenda pwani.

Mama Parvini alisimama katikati ya veranda. Alikuwa mwalimu aliyekosa darasa. "Chai imekuja jana tu, mtoto. Birika iko kabla ya chai. Wewe unajua Punjab maana yake nini? Panj ni tano, ab ni maji. Mito tano. Hiyo ab ni ya Waajemi. Wakachukua ab, wakaweka na rez, kumwaga. Abrez. Kitu ya kumwaga maji. Waarabu wakaishika, ulimi yao ikaigeuza ikawa ibrik. Wakaleta Mombasa, ikawa birika. Reli ikaileta hapa, na nyinyi mkaiweka kwa moto." Alisema hilo la mwisho kana kwamba tulimchomea nguo. "Baba yangu alisoma Kiajemi. Si mimi nasema, ni yeye."

Miaka mingi baadaye nimefungua kamusi, na wenye kamusi wanamwunga mkono kwa sehemu kubwa: neno lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likatufikia. Lakini kamusi haikuniambia alichoniambia yeye pale pale, nilipoendelea kubisha kwamba ndoo yetu pia inamwaga maji. Alinipa lile birika. "Haya. Nawa mikono."

Nililishika kwa mkono wa kulia, nikalowesha wa kushoto. Nikahamisha, nikalowesha wa kulia. Birika lilikuwa zito, maji yakaniingia kwenye mkono wa sweta, na hakuna mkono hata mmoja uliotakata.

"Umeona," akasema, akilichukua. "Hii kitu inataka watu wawili."

Tulifika nyumbani mama akiwa jikoni anasonga ugali. Gogo alikuwa sebuleni kwenye kochi la pembeni, ameweka mikono mapajani. Mama Parvini alimsalimia, akaniashiria nishike beseni chini ya mikono ile, kisha akainama, mtu mzima yule na mgongo wake, akaanza kummiminia maji. Gogo alitazama ile shaba, akanitazama mimi, akatoa mikono. Alinawa polepole. Alinawa mpaka juu ya vifundo, akapitisha kidole kati ya kila kidole, na Mama Parvini hakumharakisha. Mama alipotokea na sahani alitukuta hivyo. Aliiweka mezani. Gogo akavuta ugali, akakata tonge, akala. Alikula bila kuinua kichwa, na nilipoona managu yamepungua nusu nikajipongeza moyoni. Maji ya mvua yalikuwa yamefanya kazi.

"Kwa hivyo ni mimi," mama akasema. "Napika, napakua, nafua shuka zako, na chakula hakishuki. Jirani akishika maji mara moja, kinashuka. Niambie tu, mama. Ni mkono wangu uko na shida?"

Gogo alimeza kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo hakikukwama popote. "Mkono yako haijawahi kuja kwangu. Tangu nifike unanionyesha mfereji. Mtu wa njia ndiye anaonyeshwa mfereji. Mimi nimezaa bwana yako."

"Mgeni ndiye ananawishwa," mama akasema. "Ukinawisha mtu kila siku unamwambia yeye ni wa kupita, ataenda kwake. Mimi nilikuwekea maji yako, na sabuni yako, na taulo yako. Nilitaka ujue hapa ni kwako."

Nilikuwa bado nimeshika beseni, maji machafu yakicheza ndani. Hata mimi nilielewa, nikaona aibu ya kijerikeni changu. Hakuna aliyekuwa ameogopa maji. Watu wawili walikuwa wamepeana heshima kubwa waliyoijua, kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja akaipokea kama kofi.

Ingekuwa hadithi ya kubuni wangekumbatiana papo hapo. Lakini maneno kama yale yakishatoka hayarudi ndani haraka. Gogo alifuta mikono yake kwa upindo wa leso. "Basi tumechelewa sisi wote," akasema bila hasira. "Kesho naenda kwangu. Nimechoka kuwa mzigo." Mama akarudi jikoni. Mama Parvini aliliacha birika juu ya meza, akasema atalichukua akipata nafasi, akaondoka akikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayetoka matangani. Baba aliporudi, hakuna aliyemweleza kitu, na kama kawaida yake hakuona kitu.

Nilijaribu kulia ili wabadili nia. Nililia kwa sauti, nikalia kimyakimya, nikamng'ang'ania Gogo shingoni mpaka akanitoa kwa upole. Watu wazima waliovunjika moyo huwa hawaoni machozi ya mtoto. Wanayahesabu pamoja na kelele nyingine za nyumba.

Jumamosi asubuhi pikapu ilifika mapema, dereva akapiga honi mara moja na kungoja. Baba alifunga mfuko wa nailoni kwa kamba. Gogo alikuwa amevaa koti lake, ameketi pale pale pembeni. Na mama alikuwa amesonga ugali. Asubuhi ile, wakati watu wanakunywa chai kwa mkate, yeye alikuwa amesonga ugali na kukaanga mayai na mboga, akisema safari ni ndefu na magoti hayapandi kilima yakiwa na njaa. Aliweka chakula mezani. Akasimama kidogo, mikono ikipapasa aproni. Kisha akachukua lile birika, akanipa mimi beseni.

Hakuwa amezoea. Mdomo ule mrefu ulimwaga maji kando, yakaanguka kwenye goti la Gogo, yakalowesha koti la safari. "Pole, mama," akasema. "Sijui kuishika."

"Inamisha pole pole," Gogo akasema. "Iko na shingo kama ya korongo."

Akanawa. Alinawa kama alivyonawa Ijumaa, hadi vifundoni, kidole kwa kidole, na mama akaendelea kumimina mpaka akapata mkono wake. Maji yakawa yanashuka uzi mmoja mwembamba, bila kukatika. Nilihisi uzito wa beseni ukiongezeka mikononi mwangu. Baba alitokea mlangoni na ule mfuko. "Mama, dereva anangoja."

Gogo hakumgeukia. Alikuwa anamtazama mama usoni, kwa karibu, jinsi alivyonitazama meno siku ile aliyofika. "Wewe umekula?"

"Bado. Nitakula mkienda."

"Tangu lini hujakula vizuri?"

Mama aliinamisha uso kwenye birika. Hata mimi nilikuwa sijajiuliza. Alikuwa amekonda yeye pia, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa ameona.

Gogo alinyoosha mkono wenye maji, akashika birika pale mama aliposhika, akalivuta. "Leta mikono."

"Hapana, mama," mama akasema haraka, akirudi nyuma. "Haifai." Na kweli haikufaa. Mkwe hamiminii mke wa mtoto wake maji. Si Keringet, si Kihoto, sijawahi kuona popote.

"Leta mikono, tukule."

Mama akapiga magoti pale sakafuni ili mikono yake ifike, akaileta, na Gogo akainamisha birika. Mama alikuwa analia, hajifichi, na maji yalikuwa yanamtiririka viganjani, nami nikasogeza beseni yasimwagike. Baba alisimama akitazama. Nadhani siku hiyo aliona. Aliweka mfuko chini kando ya mlango, taratibu, akatoka nje akazungumza na dereva kwa sauti ya chini, na tukiwa bado hatujamega tonge la kwanza tukasikia pikapu ikigeuza, ikaondoka tupu.